Sauti Aliyoiacha Kambini

Mume wangu hajawahi kunipandishia sauti. Wanawake wenzangu walinionea wivu kwa hilo, wengine wakanong'ona kwamba nimemwekea kitu kwenye chai. Ningemwekea kitu cha kumfanya aongee, si cha kumnyamazisha! Akitaka chumvi mezani, anaiomba kama mtu anayeomba radhi. Kuku akiingia sebuleni, anamwambia, "Tafadhali, toka." Kuku hatoki. Watoto wetu walikua wakiniogopa mimi, yeye wakimwonea huruma tu, na mtaa mzima unamwita Mzee Pole.

Kabla hatujaoana alikuwa jeshini. Alipokuja kuniposa, shangazi yangu alimuuliza alikuwa akifanya kazi gani huko. Akajibu, "Nilikuwa mwalimu kambini." Basi mimi nikaona ubao na chaki. Nikafurahi, nikasema huyu atawasaidia watoto hesabu. Watoto walipokuja, nikagundua hesabu zenyewe hazijui, anazidiwa hata na mimi niliyeishia shule ya msingi na makofi ya mwalimu. Nikanyamaza. Hununui ndizi ukaanza kulalamikia maganda.

Mambo yalianzia uwanja wa mpira wa shule. Gari lenye kipaza sauti lilipita mitaani likitangaza kwamba askari wote wastaafu wafike uwanjani asubuhi kwa ajili ya uhakiki. Mume wangu alipiga viatu rangi mpaka nikaweza kujiangalia humo na kuona meno yaliyobaki. Alinyoosha suruali kwa pasi, akavaa bereti yake, akaondoka na rafiki yake Redio. Redio ni fundi viatu wa pale kona, naye tumemwita hivyo kwa sababu hazimwi. Hata akiwa na misumari midomoni anaongea.

Walirudi kabla jua halijakaza.

"Ilikuwaje?" nikauliza.

"Wametuhakiki."

"Mmefaulu?"

"Tumefaulu."

Nikacheka peke yangu jikoni. Mzee mzima amekwenda kuthibitishiwa kwamba yupo, na amerudi na furaha.

Pensheni iliyofuata ilikuja imekonda. Iliyofuata hiyo nayo ikaja imekonda vilevile. Mume wangu na Redio wakaenda ofisi ya pensheni, nami nikawafuata, maana najua wangerudi na salamu tu. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Akatugeuzia kioo cha kompyuta yake akasema kila mmoja wa wazee hawa ana wakala. Wakala ndiye anayepokea kwanza, anakata chake, kisha kinachobaki kinawafikia wao.

"Wakala gani?" Redio akauliza. "Mimi wakala wangu ni huyu shemeji, na hata yeye simruhusu kushika pochi."

"Mliridhia, baba," karani akasema. "Sauti ipo." Akabonyeza kitu.

Ikatoka sauti ya mume wangu. Ilikuwa fupi, kavu, inataja namba yake ya jeshi, cheo na jina. Nikamwangalia mume wangu, nikaangalia lile sanduku la kompyuta. Kwa kweli sauti ilikuwa yake, lakini ilikuwa kama imevaa nguo za mtu mwingine.

"Ni yako, baba?"

"Ni yangu."

"Basi," karani akasema, na nikaona kwamba linamuuma hata yeye.

Polisi nako tulienda. Askari wa zamu alituuliza maswali kwa mpangilio mzuri kabisa. Yule mtu aliyewahakiki uwanjani, ambaye wazee walikuwa wamempa jina la Mkaguzi, aliwatishia? Hapana. Alikuwa na silaha? Hapana. Alisema yeye ni ofisa wa serikali? Hapana, hakusema yeye ni nani, wala hawakumuuliza. Kuna sheria inayokataza mtu kuwa wakala wa mstaafu? Hapo akajijibu mwenyewe: hakuna. Kisha akaweka kalamu chini akamwangalia mume wangu kwa upole.

"Sasa, mzee wangu, namba ulimpa kwa nini?"

Mume wangu akainuka. Tukarudi nyumbani njia nzima hajajibu.

Na mimi, ulimi wangu huu usio na mfupa, nikamuuliza swali lilelile jioni nikimwandalia chai. "Yaani mtu usiyemjua anasema toa namba, unatoa? Na angesema toa suruali?"

Nilidhani atatabasamu. Alisimama, akaitoa bereti kwenye msumari wake, akaiweka chini ya godoro upande wa ukutani, kule ambako hata ufagio haufiki.

Tangu hapo akaanza kujipunguza. Lile benchi la nje ya kwa kinyozi, wanapokaa askari wastaafu kusema uongo wao wa vita, hakwenda tena. Mwanetu akipiga simu kumuuliza ushauri wa kiwanja, alisema, "Muulize mama yako. Mimi nimekuwa mjinga uzeeni." Alilisema kama mtu anayekutajia anwani yake. Pesa iliyokatwa iliniuma, sitasema haikuniuma, lakini tungekula kidogo kidogo. Kilichoniogopesha ni lile neno mjinga. Niliona kwamba ameshaliamini, na mtu wa aina yake, akishaamini kitu, haambiliki.

Ndipo Redio akaja na habari. Aliingia bila kubisha, kiatu cha mtu mkononi.

"Shemeji, kuna muswada!"

"Unaliwa?"

"Unaletwa bungeni. Sheria ya kuwalinda wastaafu wa jeshi na hawa mawakala. Kamati inapita kusikiliza wananchi, na hapa kwetu wanakaa ukumbi wa manispaa."

"Sasa si vizuri?"

"Vizuri, lakini kuna mwiba." Akakaa, akashusha sauti, na Redio akishusha sauti ujue mambo ni mazito. "Mawakala nao wameweka mwanasheria wao. Anasema sheria ipite, sawa, ila isimguse wakala aliyepewa ridhaa kwa sauti. Na sisi wote sauti zetu wanazo. Hilo likiingia, yule Mkaguzi atatunyonya kwa baraka za bunge mpaka tuingie kaburini, na huko atatudai nauli. Anatakiwa mtu wa kwenda kusema ilivyokuwa." Akamgeukia mume wangu. "Wewe ndiye mkubwa wetu."

Nikashangaa. Mkubwa? Mume wangu hata foleni ya maji anapitwa na watoto.

"Siendi," mume wangu akasema.

"Afande..."

"Usiniite hivyo. Nitawaambia nini watu hao? Siendi."

Redio akaondoka kichwa chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipita uani kwangu kimya.

Nilimbembeleza mume wangu kwa utaratibu, ikashindikana. Nikanuna, ikashindikana, kununa na mtu wa kimya ni sawa na kushindana na ukuta kusimama. Siku yenyewe ilipofika nikabadili njia. Asubuhi niliinua godoro, nikaitoa bereti, nikaipiga vumbi, nikaivaa. Nikajitazama kiooni. Nilikuwa kama uyoga.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Ukumbini. Anatakiwa mtu wa kueleza, nitaeleza mimi. Nitaanza na lile la suruali."

Akanyoosha mkono, akanivua bereti polepole kama mtu anayetoa kifuniko kwenye sufuria ya moto, akaenda kutafuta viatu vyake.

Mimi nilikuwa nadhani sheria ni kitu kilichokuwapo siku zote, kama milima. Kwamba kuna mahali zimewekwa, na wakubwa wanakwenda kuzichukua. Siku ile ukumbini niliona kwa macho yangu jinsi inavyozaliwa, na mpaka leo sijazoea. Kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, wabunge wamekaa upande mmoja, chupa za maji mbele yao, mapangaboi yanazunguka juu kwa uvivu. Ukutani waliangaza muswada wenyewe kwa taa, herufi kubwa, hata mimi nikasoma. Kando alikaa binti mwenye miwani, mwandishi wa sheria. Mtu akisema neno zuri, binti anagonga gonga vidole, na pale ukutani neno linafutika, jingine linaota mahali pake. Watu wa kawaida, wenye mafua na njaa kama sisi, wanakaa wanaulizana, "Tuseme 'atafanya' au 'anaweza kufanya'?" na likikaa hilo, nchi nzima inalifuata! Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili. Nilihisi kama nimeingia chumba cha mtu mwingine bila kuvua viatu.

Wazee walikuwa wamejaa, safu kwa safu, viti vinalia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kulea. Pembeni yake alikaa mbunge mwenye mvi, aliyewahi kuwa ofisa jeshini, mgongo wake umenyooka kama rula.

Mwanasheria wa mawakala akasimama kwanza. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, lakini kijana alisema vizuri, Mungu anisamehe.

"Waheshimiwa, hakuna mzee aliyeshikwa mkono pale uwanjani. Hakuna aliyetishwa. Waliulizwa, wakajibu kwa vinywa vyao. Hawa ni wanaume walioshika silaha kwa ajili yetu. Leo tukisema hawana uwezo wa kuridhia jambo, tunawalinda, au tunawafanya watoto?"

Wazee wote wakaangalia chini. Neno lilikuwa limewapata pale pale panapouma. Nikamwona mume wangu anakunja bereti kwenye vidole.

Mbunge mwenye mvi akaitikia kwa kichwa. "Mwenyekiti, mimi nimekuwa askari. Askari si mtoto. Akisema neno, anajua amesema. Mwenzetu ana hoja."

Pale ukutani, mbele ya macho yangu, binti akaandika: isipokuwa pale ambapo mstaafu ametoa ridhaa yake kwa sauti. Likakaa. Redio akapumua kama tairi.

"Tumsikie mmoja wa wazee," mwenyekiti akasema, akasoma jina la mume wangu.

Alikwenda mbele. Kile kipaza sauti kilikuwa kifupi, ikabidi ainame, na alipoongea hata mbu asingesikia.

"Sogea, baba, hatukupati," mwenyekiti akasema. Mtu akacheka nyuma. Mume wangu akasogea, akanong'ona tena. Nikafunga macho. Nilijuta kumleta. Nilisema moyoni, leo nimemtoa kwenye aibu ya nyumbani nikampeleka kwenye aibu ya hadharani.

"Baba, swali ni dogo," mwenyekiti akasema. "Yule mtu alisema nini hasa, mpaka ukampa namba yako?"

Akaikunjua bereti vidoleni.

"Siwezi kulisema nikiwa nimeinama," mume wangu akasema.

"Liseme utakavyoweza."

Basi akakiacha kipaza sauti. Akarudi nyuma, nafasi ya mtu anayetaka kufungua mlango. Akaivaa bereti. Visigino vikakutana, na niliona mgongo wake unapanda, mfupa mmoja baada ya mwingine, mtu ninayemsugua mgongo huo kila Jumamosi na kuuita mzigo wa kuni. Akavuta pumzi.

"KIKOSI! MGUU... SAWA! NAMBA!"

Sijui niielezeje sauti ile. Haikuwa kelele, kelele nazijua, nimelea watoto. Ilitoka chini, kana kwamba sakafu ndiyo iliyosema, ikapita ndani ya kifua changu bila kuomba njia, na madirisha yakajibu. Ndani ya sauti ile hamkuwa na hasira hata chembe. Hamkuwa na kitu chochote ila kutokea kwa jambo.

Na jambo likatokea. Ukumbi mzima wa wazee ulisimama. Sisemi walianza kusimama, mmoja akamfuata mwingine. Walikuwa wamekaa, kisha walikuwa wamesimama. Katikati yake sikuona. Wenye magongo waliacha magongo yakaanguka. Redio, ambaye nyonga yake humchukua muda wa kuimba wimbo mzima kuinuka kwenye kigoda, alikuwa wima kama mlingoti. Mlinzi wa mlangoni alikuwa wima, mikono kwenye mishono ya suruali. Na kila kinywa kilitoa namba, zote kwa pamoja, kavu, fupi, zile sauti zenye nguo za watu wengine, kama mvua ya mawe juu ya bati.

Mezani, kiti kilianguka. Mbunge mwenye mvi alikuwa amesimama, kidevu juu, macho hayaoni kitu, na kinywa chake kilikuwa kimetaja namba, cheo na jina. Cheo alichotaja hakikuwa cha ofisa aliyestaafu. Alisema, "Kuruta."

Maji yalikuwa bado yanatikisika kwenye chupa. Nami nikangoja wakae, lakini hakuna aliyekaa. Walisimama tu, wamekazana, mishipa ya shingo imewatoka, vifua vya watu wenye pumu vikipanda na kushuka.

"Asanteni, wazee," mwenyekiti akasema. Sauti yake ilikuwa imeingia maji. "Kaeni, tafadhali."

Hawakukaa.

"Mheshimiwa," akamwambia jirani yake, akimgusa kiwiko, "kaa basi."

Hakukaa. Nikaona midomo yake inatetemeka, na nikaelewa kwamba anataka kukaa, na hawezi. Mwili wenyewe umefungwa, na ufunguo hauko kwake.

Nikamwangalia yule mwenye ufunguo. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu maisha yangu yote ya utu uzima, nimemcheka, nimemtuma sokoni, na sikujua kwamba ndani yake kuna kitu hiki, kimefungiwa kama simba kwenye kabati la nguo.

"Mguu pande," akasema, kwa sauti yake ya kuombea chumvi. "Kaeni, wanangu."

Wakakaa. Viti vililia vyote pamoja.

Akasogea kwenye kipaza sauti, na safari hii hata kunong'ona kwake kulisikika mpaka barabarani, maana hakuna aliyekuwa anapumua.

"Wengi wa hawa niliwapokea mimi kambini wakiwa vijana. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Niliwaamsha usingizini kwenye baridi, niwaulize namba, mpaka kinywa kijifunze kujibu kichwa kikiwa bado kimelala. Si ukatili. Vitani, anayeanza kufikiri anakufa, na anakufa na jirani yake. Niliifanya kazi yangu vizuri. Nilidhani wakitoka jeshini kitu hicho nacho kinawatoka, kama sare." Akaigusa bereti. "Hakitoki. Hata kwangu hakijatoka. Yule mtu pale uwanjani hakuniuliza swali. Angeniuliza, ningemjibu hapana. Alitoa amri, kama nilivyoitoa sasa, na msichana aliyekuja naye akashika simu inayonasa sauti. Alikuja kuvuna shamba nililolilima mimi. Mmeniuliza kama niliridhia. Nilitii. Kutii si kukubali."

Mwenyekiti akamgeukia mwanasheria. "Una swali kwa mzee?"

Kijana alikuwa ameshika kalamu kwa mikono yote miwili. "Hapana, mwenyekiti," akasema. "Naomba maji tu."

Mbunge mwenye mvi aliinua kiti chake mwenyewe. Alikuwa anajipangusa uso, na hakujificha. "Mwenyekiti, naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba sikukusudia kutaja namba yangu. Na cheo kile nilikiacha kabla binti huyu hajazaliwa." Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka na machozi. "Nilisema askari anajua anachosema. Naomba neno hilo lifutwe. Na pale ukutani, naomba pafutwe."

Binti mwenye miwani akagonga vidole. Yale maneno ya isipokuwa yakaondoka, herufi moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele, kama mchwa wanaorudi shimoni. Pakabaki peupe. Kisha yakaota mengine, nami nikayasoma polepole nikifuata kwa kidole hewani: Utii wa mstaafu kwa amri, au kwa kitu chenye sura ya amri, hautahesabiwa kuwa ridhaa.

Nikayasoma tena. Yalikuwa maneno ya mume wangu, yamevalishwa koti na tai. Yametoka kwenye kinywa kile kile kinachomwambia kuku tafadhali, na sasa yatakaa kwenye kitabu, na majaji watayafuata, na watu ambao hawajazaliwa yatawafunika kama mwavuli. Nikataka kumwonyesha mtu aliyekaa jirani, nimwambie huyo ni wangu. Sikuweza. Mimi, wa kukosa la kusema!

Tulirudi kwa miguu. Nilijaribu utani ili nijue kama ulimi bado upo.

"Na sauti hiyo unayo, miaka yote unaniita kwa kukohoa?"

"Ile si sauti ya kuitia mke," akasema.

"Uliiweka wapi?"

"Kambini. Niliiacha getini siku nilipotoka. Sikutaka watoto wangu wasimame hivyo, hata mara moja."

Alitembea katikati ya barabara, bereti kichwani, na mwenye baiskeli akampisha.

Sheria ilipita. Tuliisikia redioni, yaani redio yenyewe, si yule fundi viatu, ingawa naye alitangaza. Mawakala wale wakafutwa, pensheni ikarudi kuja moja kwa moja ikiwa na mwili wake. Iliyoliwa imeliwa. Mkaguzi tulisikia amehama, anauza magodoro mahali fulani. Mtaa ulisherehekea siku mbili tatu, ukasahau.

Mume wangu hakusahau. Lile neno mjinga lilikuwa limemtoka, nalishukuru bunge kwa hilo, lakini mahali pake likaingia jingine. Alikuwa anakaa mlangoni anafikiri. Mwishowe akaniambia, "Sheria iko kwenye kitabu, mama. Lakini wale wakipigiwa amri kesho, bado watasimama. Kitabu hakikai kwenye magoti yao."

Akaazima viti vya plastiki kwa jirani, akavipanga uani kwetu, akawaita wazee. "Somo ni kukaa," akawaambia.

"Kukaa?" Redio akauliza. "Afande, kukaa najua. Muulize mke wangu."

"Tutaona."

Akavuta pumzi, akaiachia ile sauti. Nusu, si yote, ili asivunje vyombo vyangu. Wazee wote wakaruka juu wakataja namba. Wakatazamana. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kabisa.

Walirudi asubuhi iliyofuata, na nyingine. Walijifunga mikanda kwenye viti, wakasimama navyo. Walishikana mikono, wakasimama kama mnyororo. Redio alijaribu kuweka misumari midomoni; akasimama na kuitema namba yake pamoja na misumari. Siku moja gari jeusi lilisimama getini, akashuka yule mbunge mwenye mvi, amevaa ndala. "Nasikia kuna darasa," akasema. "Mna kiti?" Akapewa kile chenye mguu uliopasuka, na aliruka kuliko wote.

Mume wangu hakuwagombeza. Alikuwa akipita nyuma yao kati ya amri na amri, akiwagusa mabega, akiwaambia kwa upole wake, "Sikia kwanza. Jiulize ni nani. Una haki ya kujiuliza." Nilizoea kuwaangalia nikiwa kizingitini na ungo wangu wa mchele, nikiwatania. Nilisema hili darasa litamalizwa na kifo.

Kulikuwa na asubuhi moja ya mawingu. Hawakuwa na mzaha siku hiyo. Sijui kwa nini. Wamekaa, mikono magotini. Mume wangu akasimama mbele yao, bereti kichwani, na nikaona mgongo unapanda vile, na nikajua kwamba leo hataitoa nusu.

"KIKOSI! MGUU... SAWA! NAMBA!"

Njiwa wote wa mtaa wakaondoka kwenye mabati.

Na hakuna aliyesimama.

Walikuwa wamekaa. Misuli ya mapaja inaruka chini ya suruali, vidole vimezama magotini, mbunge amefumba macho, jasho linamtoka Redio mpaka kidevuni. Midomo imebanwa. Namba zilikuwa pale nyuma ya meno, ungeweza kuziona zinavyosukuma, lakini hakuna iliyotoka. Mzee mmoja alikuwa analia waziwazi bila kujifuta, na alikuwa amekaa. Nilikuwa nimeona jeshi zima likisimama kwa neno la mtu mmoja, nikadhani hakuna kikubwa zaidi ya hicho. Sasa nilikuwa naona wazee wachache kwenye viti vya kuazima, wamekaa, na nywele za mikono yangu zilikuwa zimesimama zote.

Mume wangu aliwaangalia mmoja mmoja. Kisha nikaona macho yake yanawapita, yanakuja kwangu, na wazee nao wakageuza shingo, bado wamekalia viti vyao.

Ungo ulikuwa chini. Mchele ulikuwa umetapakaa mpaka mlangoni, kuku wameshaufikia. Na mimi nilikuwa nimesimama kizingitini, visigino pamoja, mikono imenyooka kwenye mishono ya kanga.

"Shemeji," Redio akasema taratibu, "namba?"

Naapa, kinywa changu kilifunguka.